Daktari wa Mihogo wa Pugu

Ukimwambia jambo, lolote lile, alikuwa anauliza: "Na nini kingine kilikuwepo?"

Ulimwambia mwanao ameharisha baada ya kula embe, akataka kujua nini kingine alikula siku hiyo. Ulimwambia tangu imamu mpya aje watu wamejaa msikitini, akauliza kama hakuna nyumba mpya za kupanga zilizojengwa karibu. Mwanzoni nilidhani ni ukaidi wa wasomi. Baadaye nikaelewa kwamba ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya, na kwamba alikuwa hawezi kuivua akifika nyumbani kama mtu anavyovua viatu.

Sitasimulia alizaliwa wapi wala ni binti wa nani. Alitoka bara, alikuwa Mlutheri, na alihamia Pugu wakati nyumba za huku bado zilikuwa chache na kati ya nyumba na nyumba kulikuwa na mihogo. Hayo yanatosha. Mimi ni mwalimu wa madrasa niliyestaafu, na nyua zetu zilipakana. Nikihesabu neema ambazo Mwenyezi Mungu amenijaalia katika uzee huu, majirani nawaweka karibu na afya, na yeye namweka mbele ya majirani wengi.

Mtaa mzima ulimwita Daktari. Jina hilo lilimpa tabu. Akina mama walimpelekea watoto wenye homa, naye akawa anawasindikiza hadi zahanati huku akieleza njia nzima kwamba yeye si daktari wa watu, ni daktari wa mihogo, yaani anafanya takwimu za vinasaba vya mihogo. Neno takwimu lilipotea njiani, vinasaba vikapotea, ikabaki mihogo. Hapo ndipo vijana wa kijiwe cha bodaboda walipompata. Wasomaji wa Dar es Salaam wanajua vijana wanavyoamini kuhusu muhogo mbichi na nazi, na mtu wa umri wangu hana haja ya kufafanua.

"Shikamoo Daktari," mmoja alimwambia siku moja, wenzake wakiwa wamekaa tayari kucheka. "Hii mihogo ya maabara, inaongeza?"

"Marahaba. Inaongeza nini?"

"Aa, Daktari, si unajua."

"Inaongeza nguvu za kuamka. Nimekupita hapa asubuhi umelala juu ya pikipiki, abiria anakuamsha kwa mwavuli."

"Umepatikana, braza!" wenzake wakapiga kelele, na kwa muda mrefu baada ya hapo kijana yule aliitwa Mwavuli.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyolingana. Kazini aliweza kutofautisha vitu ambavyo jicho halivioni, lakini nyumbani hakuweza kuotesha hata mchicha. Tembele lake lilikauka pembezoni mwa bomba. Mke wangu alimpa miche ya bamia mara kwa mara mpaka akachoka, akasema, "Daktari, wewe mimea uisome tu, usiiguse." Chai yake ilikuwa na sukari nyingi kiasi cha kijiko kusimama, na huku akinywa alikuwa ananionya mimi juu ya sukari. Jumapili aliimba kwaya kwa sauti ambayo, nasema kwa upendo, ilitafuta njia yake peke yake. Nilimuuliza kwa nini wanamwacha aimbe. Akasema, "Wananihitaji. Mimi ndiye ninayewahi mazoezi." Jambo hilo pia lilikuwa la ajabu, maana kwenye shughuli nyingine zote alichelewa. Akikwambia anakuja saa kumi, ulikuwa na muda wa kuswali Alasiri kwa utulivu, kusoma nyiradi, na kulala kidogo.

Jioni alikuja barazani kwetu, nami nilimuuliza maswali. Mtu aliyezeeka ndani ya vitabu vya dini ana njaa ya aina nyingine za elimu, na nilikuwa sijapata mtu wa kunieleza hii kwa Kiswahili. Yeye alieleza kwa subira. Alisema ndani ya kila muhogo kuna maandishi marefu, herufi kwa mamilioni, na mihogo miwili huwa inafanana karibu kila mahali, isipokuwa hapa na pale ambapo mmoja una herufi hii na mwingine ile. Yeye anachukua majani ya mihogo mamia, maabara wanasoma herufi, kisha anauliza kila mahali palipo na tofauti: je, wenye herufi hii wanaumwa kuliko wenye ile? Wanazaa zaidi? Wanaiva mapema?

"Kwa hiyo unauliza swali moja," nilisema.

"Nauliza moja mara elfu nyingi, Maalim. Hapo ndipo pana mtego."

Mtego huo aliuonyesha kwenye madrasa yangu. Aliniomba ruhusa, akawagawia watoto sarafu za shilingi mia mbili, akawaambia kila mmoja arushe mara tano na kukumbuka ni mara ngapi umetokea upande wa simba. Ukumbi ulijaa sarafu zinazoviringika chini ya mikeka. Mwishoni binti mmoja mdogo akanyanyua mkono: yeye alipata simba mara zote. Wenzake wakaanza kunong'ona. Wengine walisema ana baraka, mmoja akasema ana jini.

"Mwacheni arushe tena," Daktari alisema.

Binti akarusha, kikatokea kichwa. Akarusha tena, kichwa. Akakasirika, akasema sarafu imeharibika.

"Haijaharibika, mwanangu. Nyinyi mko wengi. Watu wakiwa wengi lazima mmoja apate simba mtupu, bila baraka na bila jini." Kisha akanigeukia. "Na mie mihogo naiuliza maelfu ya maswali. Yako maswali yatakayonijibu ndiyo kwa bahati tu. Ndiyo maana sifurahi upesi."

Mie nami siku moja nilimpa kitu. Alikuwa ananieleza tatizo la undugu. Tuseme mihogo kumi yenye herufi fulani yote haiumwi. Mtu atasema herufi hiyo inaikinga. Lakini kama yote kumi imetokana na mama mmoja, basi inafanana katika mambo mengine elfu, na huwezi kujua ni lipi kati ya hayo linaloikinga. Nikamwambia kwamba sisi katika elimu ya hadithi za Mtume jambo hilo tunalo. Habari ikija kwa watu kumi tunafurahi, lakini tunafuatilia kila mmoja ameisikia kwa nani. Tukikuta wote kumi wameichukua kwa shehe mmoja, basi kwa hesabu yetu ni shahidi mmoja mwenye sauti kumi.

Aliweka kikombe chini. "Mnafuatiliaje?"

"Kwa isnadi. Mlolongo wa wapokezi. Fulani kutoka kwa fulani kutoka kwa fulani."

"Na watu wamefanya hivyo tangu lini?"

"Tangu zamani sana."

Akacheka kwa furaha ya mtoto. "Sisi tunafanya kwa kompyuta, na tukadhani tumevumbua." Tangu hapo akitaka kuniambia kwamba ameshaondoa athari ya undugu katika hesabu zake, alisema, "Isnadi nimeitazama, Maalim."

Niliwahi kumuuliza kama haogopi kuchungulia kazi ya Muumba kwa karibu namna ile. Akasema anaogopa zaidi kuisoma vibaya kisha kuwaambia watu kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Jibu hilo nililifikiri sana. Nimewajua walimu wa dini ambao lingewafaa.

Sasa niseme juu ya mke wangu, kwa sababu bila yeye picha ya Daktari haikamiliki. Mke wangu alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama waliolima mihogo katika viwanja ambavyo wenye navyo walikuwa hawajavijenga. Mtaani aliitwa Mwenyekiti, na hata mimi nikitaka chai nilimwita hivyo. Shida yao ilikuwa michirizi. Huu ni ugonjwa wa muhogo unaojificha. Juu mti ni mzima, majani ni mazuri, na wewe unapita ukishukuru. Ukingoja ukomae, unang'oa, unakata, na ndani kuna mabaka ya kahawia, makavu na magumu kama kizibo cha chupa. Hauliki, hauuziki. Basi akina mama waling'oa mapema, mizizi ikiwa michanga, na kuwauzia wakaangaji wa barabarani kwa bei ambayo wakaangaji waliipanga wenyewe.

Mwenyekiti alitaka kitu kimoja: muhogo unaoweza kusubiri. Muhogo utakaokaa ardhini mwaka mzima bila kuoza, ili Ramadhani ikifika, kila nyumba inapotaka muhogo wa nazi kwa futari, wao wawe nao. "Nimechoka kung'oa kwa woga," aliniambia. "Nataka ning'oe siku ninayotaka mimi."

Daktari alikuwa anautafuta muhogo huohuo. Alizunguka mashamba ya Pugu, Kisarawe, Mkuranga, hadi Rufiji, akichukua majani na kukata mizizi kuipa alama, moja kwa mzizi safi na tano kwa uliooza kabisa. Na hapa nieleze adabu yake, kwa kuwa ndiyo iliyomponza. Hakukubali mkulima ang'oe shina kwa ajili yake.

"Muhogo ni chakula cha mtu," alisema. "Siwezi kumwambia mwenzangu ang'oe chakula chake ili mimi nione kimeoza au hakijaoza. Niiteni siku mnayong'oa wenyewe."

Wakamwita. Akafika kila alipoitwa, kwa kuchelewa, na wao wakamngoja kwa sababu walimpenda. Kazi ilichukua misimu kadhaa. Kisha jioni moja alikuja na kompyuta yake, akaifungua mbele yangu na Mwenyekiti. Ilikuwa picha ya nukta nyingi, zimejipanga chini kwa chini. Kila nukta ni swali moja, alisema, na kadiri nukta inavyopanda ndivyo jibu linavyokuwa zito. Ilifanana na majengo ya Posta, katikati ya jiji, ukiyatazama kutoka upande wa Kigamboni: mapaa mengi mafupi, kisha mahali pamoja mnara umepaa peke yake.

"Hapa," alisema, akigusa ncha ya mnara kwa kidole. "Mihogo yenye herufi hii haiozi."

"Isnadi umeitazama?" nilimuuliza.

"Nimeitazama, Maalim. Mnara haujashuka."

Mwenyekiti hakuuliza juu ya nukta. Aliuliza, "Tunayo Pugu?"

"Iko Pugu kuliko kwingine kote."

Mke wangu si mtu wa machozi. Siku ile alinyanyuka akaenda jikoni na akakaa huko.

Wakuu wa Daktari kazini wakafurahi. Mbegu, yaani vipande vya shina la ile mihogo yenye herufi yake, zikaanza kukatwa na kuzidishwa shambani kwao, ziletwe Pugu kabla ya masika, na baadaye zipelekwe mbali zaidi. Kikundi cha mke wangu kikafyeka viwanja. Mihogo ya zamani iling'olewa yote, ikauzwa, miti yake ikachomwa ili ugonjwa usibaki.

Katika siku hizo za kumalizia kung'oa, Daktari alikuwa barazani kwetu anakunywa chai yake ya sukari. Uani akina mama walikuwa wanapanga mizizi kwenye viroba, guta la mizigo la wakaangaji likingoja njiani. Alitazama. Niliona macho yake yanaenda kutoka kwenye kiroba hadi kwenye mkono wa mama mmoja aliyeshika mzizi, mwembamba, ngozi yake bado laini.

"Mwenyekiti," aliita. "Hii ina miezi mingapi?"

"Sita, saba. Ikizidi hapo wakaangaji hawaitaki, wanasema ina nyuzi."

"Na ile ambayo mlikuwa mnaniita nije kuiona?"

"Si hiyohiyo? Ulisema tukuite siku ya kung'oa. Sie tunang'oaga miezi saba."

"Na kule Rufiji," alisema, lakini sasa alikuwa anaongea peke yake, "kule wanaiacha ardhini. Shamba ndilo ghala lao."

Aliacha chai yake nusu, akaenda zake bila kuaga.

Sikumwona kwa muda. Taa ya sebuleni kwake ilikuwa inawaka na nilisikia sauti yake kwenye simu, akipigia wakulima wa kila mahali alikopita, akiwauliza jambo moja: siku ile nilipokuja, muhogo ulikuwa na umri gani? Alipotokea tena alisimama kwenye uzio, hakutaka kuingia.

"Shikamoo Maalim. Mnara umelala."

"Umelala vipi?"

"Nimelinganisha upya. Safari hii wa miezi saba na wa miezi saba, wa mwaka na wa mwaka. Herufi yangu haina kazi yoyote na michirizi. Ni herufi ya mihogo milaini. Mihogo milaini mnaipanda nyie wa karibu na mji kwa sababu wakaangaji wanaipenda, na nyie mnaing'oa kabla ugonjwa haujaonekana mizizini. Nilikuta mizizi safi kwa sababu ilikuwa michanga." Alishika uzio kwa mikono yote miwili. "Niliuliza ukoo wa mihogo. Sikuuliza desturi ya wanaoing'oa. Na mimi kila siku nawauliza watu nini kingine kilikuwepo."

Aliniambia amewaeleza wakuu wake. Hawakumwambia adanganye. Walimwambia asubiri, jaribio la msimu ujao litaonyesha, hakuna sababu ya kuwatia watu hofu mapema. Na kulikuwa na wageni waliokwisha kualikwa kuja kusikia habari ya mnara.

"Ningeweza kunyamaza msimu mmoja," alisema. "Nisingekuwa nimesema uongo."

"Na hawa waliofyeka?"

Alitazama viwanja, udongo mwekundu mtupu hadi kwenye njia. "Wangepanda. Wangeacha mwaka mzima, kwa kuniamini mimi. Wangekuja kukata wiki ya Ramadhani."

Sikumpa nasaha, na hakuomba. Nilimwambia nitamwombea dua, naye akasema ahsante, akaenda kumtafuta mke wangu amwitishie kikao.

Kikao kilifanyika uani mwa ofisi ya serikali ya mtaa, kwenye viti vya plastiki vya kukodi vya msiba uliokuwa umeisha jana yake. Nilikaa nyuma. Daktari siku hiyo aliwahi. Alisimama akaeleza yote kwa maneno mafupi, bila kompyuta, na akasema kosa ni lake. Kisha mama mmoja muuza chapati, ambaye hakuwahi kuacha kimya kikae muda mrefu, akasimama.

"Samahani Daktari. Sasa sie tupande nini? Nukta?"

Wachache walicheka, kicheko kibaya.

"Mbegu zitaletwa kama mlivyoahidiwa," Daktari alisema. "Ni muhogo mzuri wa kupika. Pandeni mkitaka kung'oa kwa miezi saba kama zamani. Lakini msiuache. Siwezi kuwaambia kwamba utasubiri."

"Kwa hiyo tumefyeka ili tupande kilekile."

"Ndiyo."

"Tumechoma miti yetu."

"Ndiyo, mama."

Wote walimtazama Mwenyekiti. Mke wangu alikuwa amekaa mbele, mikono imefungwa kwenye kanga. Nilimjua vya kutosha kujua kwamba hasira yake inapokuwa kubwa sauti yake hushuka.

"Daktari," alisema, "mvua ziko mlangoni. Ungekuja na habari hii mwezi uliopita ningekubusu mikono. Leo siwezi."

"Naelewa."

"Huelewi. Wewe una mshahara." Akanyanyuka, na kikao kikaisha, maana mwenyekiti akiondoka hakuna kikao.

Walipanda. Wangefanya nini kingine? Wageni wa wakuu wake hawakuja, na nasikia kazini Daktari alipewa kiti cha pembeni kwa muda mrefu. Mtaani watu waliendelea kumsalimu. Mke wangu alijibu salamu yake, ila chai hakumkaribisha. Mimi niliendelea kukaa naye, lakini kwenye uzio, yeye upande wake na mimi wangu, kwa sababu baraza ni ya mwenye nyumba na mwenye nyumba hakuwa mimi.

Ajabu ni kwamba hakukata tamaa wala kununa. Udadisi wake ulizidi. Aliniambia kwamba huenda amekuwa akitafuta kitu ambacho hakipo. Labda hakuna herufi moja yenye nguvu ya kuzuia michirizi. Labda ziko nyingi, zimetawanyika, kila moja inasukuma kidogo tu, na hakuna hata moja itakayojenga mnara. Basi badala ya kutafuta moja, unazipa zote uzito, kubwa na ndogo, unajumlisha, na unachagua muhogo ambao jumla yake inaelekea kwenye afya.

"Kama amali," nilisema. "Mizani ya Kiyama."

"Sijui mizani yenu, Maalim. Ila ndiyo, hakuna kinachoachwa kwa udogo wake."

Msimu uliofuata alimwendea mke wangu mwenyewe, mchana kweupe, akasimama mlangoni. Nilikuwa ndani, nikasikia yote.

"Mwenyekiti, naomba nafasi. Mistari michache kwenye kila kiwanja, ya mihogo tuliyochavusha kwa namna mpya. Ikae mwaka mzima na zaidi, isiguswe. Ikioza, imeoza kwangu, nitawalipa chakula chenu."

"Nafasi nitakupa," mke wangu alisema. "Ahadi sitaki."

"Ahadi sina."

"Haya basi. Ingia unywe chai."

Aliingia. Mke wangu alimwekea sukari bila kumuuliza kiasi.

Kazi hiyo ya pili ilikuwa ya polepole na haikuwa na siku moja ya kushangilia. Mihogo mingi ya mistari ile ilioza, akaitupa. Michache ilioza kidogo, akaichavusha tena. Akina mama walizoea kumwona amechuchumaa shambani na kisu chake. Kisha akastaafu, macho yakaanza kumsumbua, na mwanawe wa kike akamchukua kwenda kuishi naye Mbweni, kwenye zile nyumba mpya za upande wa bahari. Wengine waliendelea na mistari. Ua wake ukapata mpangaji ambaye tembele lake linastawi mno.

Mwaka huu, Shaabani ikielekea ukingoni, mke wangu alisema twende Mbweni. Alikuwa ameng'oa shina moja kutoka kwenye mstari ambao Daktari aliuacha, wa uzao wa mwisho. Lilikuwa limekaa ardhini zaidi ya mwaka. Hakulikata. Aliifunga mizizi kwenye gunia na udongo wake.

Tulimkuta kwenye kibaraza cha mwanawe, amevaa sweta kwa sababu ya upepo. Alinitambua kwa sauti. Presha ya macho ilikuwa imemaliza kazi, jicho moja halioni, na la pili, alisema, linaona mwanga na mtu asiyejulikana ni nani. Tulizungumza habari za mtaa. Mwavuli ameoa. Muuza chapati sasa ndiye katibu wa kikundi, na vikao vimekuwa virefu.

"Tumekuletea mgeni," mke wangu alisema, akaweka gunia miguuni pake.

Daktari aliinama, akapapasa. Alipogusa mizizi mikono yake ilibadilika, ikawa ya kazini. Alipima unene, akapita na kidole kwenye ngozi. "Huu ni mkubwa. Una muda gani?"

"Mwaka na miezi minne."

Mwanawe akaleta kisu na sinia. Mke wangu akaumenya mzizi mnene kuliko yote, akaanza kukata vipande, kimoja baada ya kingine, kutoka kichwani kushuka. Weupe. Weupe. Nilikuwa nimekaa karibu, nikaona kila kipande kikianguka kwenye sinia, cheupe kama maziwa. Daktari aliinamisha kichwa akisikiliza kisu.

Karibu na mkia kisu kikasita. Mimi nilikiona alichokiona mke wangu: upande mmoja wa kipande, doa la kahawia, dogo.

Daktari hakuweza kuliona. Mwanawe alikuwa ameingia ndani. Mke wangu alinitazama, na niliona anapima. Bibi mzee, macho yamekwisha, miaka yote ile, na sisi wawili tu tunajua. Ungefunika kwa kidole ukatupa mkia uani.

"Kuna mchirizi," mke wangu alisema.

"Wapi?"

"Mkiani. Mmoja tu."

"Mkubwa kiasi gani, Mwenyekiti? Niambie sawasawa."

"Kama ukucha wa kidole cha mwisho. Kwingine kote ni safi."

Daktari akavuta pumzi, akaiachia polepole, na uso wake ukafunguka. "Ungeniambia hakuna kabisa," alisema, "nisingekuamini. Ningedhani umenihurumia." Akanyoosha mkono wake, kiganja juu. "Nipe hicho."

Mke wangu alikiweka kipande kiganjani mwake, akamshika kidole na kukiongoza hadi mahali palipokuwa pagumu. Daktari akakipapasa pale muda mrefu, huku sisi tukikata kilichobaki kwa ajili ya sufuria.